Taa Nne za Kiwandani

Mtaani walimwita Mama Waya, ingawa hakuwahi kuzaa. Waya ndizo zilizokuwa wanawe. Alitengeneza redio na pasi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na kaka yake alipopata kiharusi, alimleta akae naye hapo hapo.

Kaka alitoka hospitali mkono wa kulia umelala, maneno yakimtoka moja moja kama maji ya bomba lililokatiwa. Lakini kilichomtesa zaidi ni saa. Miaka thelathini alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, mtu wa zamu na kengele. Sasa saa ya mishale ukutani ilimvuruga. Mama Waya akamletea nyingine, ya namba za kung'aa. Kaka akaitazama nane, akasema sita, akajisahihisha, akasema sifuri, kisha akageuza uso.

"Vijiti," alisema. "Vijiti vitupu."

Kweli, kila namba ilikuwa ya vijiti vile vile, vingine vimezimwa, vingine vimewashwa.

Ndipo Mama Waya alipokumbuka mashine ya kuhesabia aliyoiokota kiwanda kilipofungwa. Aliifungua. Ndani mlikuwa na taa nne za kioo, ndogo kama chupa za dawa, na katika kila taa namba kumi za waya mwembamba zimepangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja imekunjwa nzima nzima kama iliyoandikwa kwa mkono. Alimpa kaka taa moja. Akaigeuzageuza kwa mkono wa kushoto.

"Ya kwetu," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Basi dada mtu akajifunga kibwebwe kumtengenezea saa ya taa hizo. Taa hizo si kama balbu; hazina uzi wa kuungua. Ndani mna gesi, na gesi hiyo huwaka kuizunguka namba, rangi ya kaa la moto. Lakini haiamki kwa umeme wa kubembeleza. Ilitaka volti mia moja na sabini, naye alikuwa na adapta ya volti kumi na mbili, maana transfoma ya ile mashine ilishaungua zamani.

Alisuka koili, akaiwekea transista ya kuukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila ukikatwa, koili inapiga teke, na teke hilo linahifadhiwa kwenye kapasita, kikopo kinachobaki na umeme hata ukizima. Jaribio la kwanza mita ilisoma tisini, taa zikamkodolea macho tu. Akasuka koili nyingine kwa waya mnene zaidi. Mia moja na sabini! Akazima ili aunganishe taa, na kidole kikagusa kapasita. Alirushwa mkono hadi ukagonga kabati.

Kaka akaangua kicheko, cha kwanza tangu augue.

"Unacheka nini? Nimezima!"

"Zima... halafu subiri," kaka akasema, akifuta machozi.

Taa ziliwaka mchana wa siku ya pili, lakini ovyo. Moja iling'aa, tatu zikabaki gizani. Akigusa waya, inawaka nyingine na ile ya kwanza inazimika. Mama Waya alidhani zimechoka kwa uzee. Siku hiyo na iliyofuata akawa anazibadilisha nafasi, akifyonza meno.

Kaka alisogeza kiti chake kutoka dirishani, akanyoosha kidole kwenye rezista, kipande cha kubania umeme, iliyokuwa imelehemiwa pembeni.

"Kaka, usiguse, utaungua."

"Moja," akasema.

"Ndiyo, kaka, hapo inaandika moja."

"Siyo!" Alipiga meza kwa kiganja. Akachukua penseli kwa mkono wa kushoto, akachora duara nne zilizopinda kama viazi. Kwa kila duara akavuta mstari, na kwenye kila mstari akachora rezista yake. "Kila taa... na yake."

Mama Waya akautazama mchoro, kisha taa zake. Ili kubana nafasi, alikuwa ameziwekea taa zote nne rezista moja. Ya kwanza kuwaka inaishusha volti, zenzake zinakosa nguvu ya kuamka. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Lakini haikuwa rezista iliyomchoma moyo. Miezi miwili alikuwa akimjibia wageni, akimkatia sentensi na kuzimalizia mwenyewe, kumbe fundi mzima yumo mle ndani anasubiri apewe nafasi ya kufika mwisho wa neno.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Na mimi nimekaa siku nzima nalaumu taa."

"Mbili," kaka akasahihisha. "Siku mbili."

Aliweka rezista nne. Namba nne zikaamka pamoja, nyekundu ya kuiva, bila hata moja kusitasita.

"Niiweke saa ya kiwandani, mchana huu iseme kumi na tatu, au ya nyumbani, iseme saba?"

Safari hii alisubiri. Maneno yalichukua muda wake.

"Nyumbani. Kiwanda... nimestaafu."

Basi saa saba mchana taa ikaandika saba. Kaka akaisoma kwa sauti, dakika zote, bila kukosea.

Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi kiasi. Ila kiti chake hakikurudi dirishani. Kilibaki kwenye meza ya kazi, na kesho yake mteja alipoleta redio inayokoroma, Mama Waya aliifungua kifuniko, akaisukuma mbele ya kaka yake, akaenda kuchemsha chai.