Mkasi Ulioteleza

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu nilipomwambia neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza. Alikuwa amekata kitambaa cha mteja, mkono mmoja wa gauni ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Mteja mwenyewe kasimama mlangoni, kanuna. Nikasema, “Wewe mkono wako si wa mkasi. Kaa kwenye cherehani.”

Akakaa. Alikaa miaka zaidi ya ishirini.

Mimi nikawa napima, nachora chaki na kukata, yeye anashona. Sikumrudisha kwenye meza ya kukatia. Nilijiambia namwonea huruma, lakini tuseme kweli, kuhitajika nako kutamu. Vidole vilipoanza kuniuma nikamwachia mkasi, chaki nikabaki nayo. “Fuata mstari wangu tu,” nikamwambia, naye akafurahi kama aliyetuliwa mzigo.

Kisha macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Sikusema. Nikawa nachora kwa kupapasa, na nguo zikatoka nzuri vilevile, wateja wanasifu. Yeye kila mara, “Mama, nisamehe, mkasi umeteleza tena hapa kwapani.”

“Si kitu, mwanangu.”

Siku moja alienda kununua uzi, nikaokota vipande sakafuni, nikavipeleka dirishani mpaka puani. Mstari wangu wa chaki ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Pembeni yake mkasi ulikuwa umepita laini, umezunguka kama ukingo wa sahani. Hakuwa ameteleza. Miaka mitatu alikuwa ananisahihisha, anaomba msamaha.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja mwenye karakana ya kushona, amevaa gauni tulilomshonea. “Hili nani kakata? Nataka mkataji.”

“Huyu hapa,” nikasema.

Binti yangu akacheka. “Mimi? Ukinichukua mimi, mama, utakuwa umebeba maganda, ndizi umeiacha mezani. Mstari ni wa mama yangu.”

“Njoo Jumatatu ukate nione. Ukishindwa, kazi ya vifungo ipo,” akasema yule mgeni.

Alipoondoka, nikafunga mlango. “Mwanangu, mimi sioni. Mwaka wa tatu huu.”

Akauliza, “Mbona hukusema?”

Nikatandika shuka kuukuu, nikafumba macho kabisa, nikamchorea gauni. “Kata.” Akakata. Nikamwambia akunje kati, alinganishe bega kwa bega, kwapa kwa kwapa. Yote sawa. Nikamwekea vipande mkononi. “Tazama chaki ilipo. Tazama mkasi ulipopita. Nani kakata?”

Alitazama muda mrefu. Nikangoja, maana kungoja nakujua.

“Basi, mama,” akasema taratibu, “hata macho yakikuacha, mkono wako bado unajua. Mimi nateleza, bahati yako inanipeleka panapofaa.”

“Mtu hatelezi miaka mitatu akaangukia palepale!”

“Unanibembeleza tu. Wewe mwenyewe uliujua mkono wangu tangu zamani.”

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepona. Aliinama, akaanza kuokota vipande.

Jumatatu alikwenda, akarudi jua la saa kumi. Walimpa kitambaa, futi na chaki. “Kilikuwa kitupu, mama,” akaniambia. “Hakina mstari wa mtu. Nikasimama nacho mpaka wenzangu wakaanza kunitazama.” Akaomba vifungo.

Sasa anatia vifungo kwenye nguo zilizokatwa na watu anaowaona mafundi. Wengine, kwa nilivyopapasa sare alizoleta nyumbani kumalizia, hata kola hawajui kuizungusha. Nikimuuliza, ananijibu, “Niko sawa, mama. Kila mtu na fungu lake.” Nami nasikia sauti ya mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Nimeweka kitambaa mezani, kizuri, nilikuwa nimejitunzia. Kila asubuhi kabla hajatoka namwambia, “Nikatie gauni langu.”

“Nichoree kwanza, mama.”

“Sichori.”

“Basi likae.”

Linakaa. Hili nililovaa limeachia kwapani, upepo unaingia. Jirani alitaka kulishona nikamkatalia, akaniona bibi mkaidi. Sitaki kiraka. Kila asubuhi nakipangusa vumbi kile kitambaa, namwekea chaki juu yake, nakaa nasikiliza viatu vyake vikielekea mlangoni, kama vitasimama.