Jicho la Aurikula ya Enoch

Wilf Hargreaves namjua tangu utotoni, na bado wiki ile nilimwona mwizi. Tena mwizi wa kukuchekea usoni.

Sababu ni hii. Mume wangu Enoch alifariki Novemba, akaniachia chungu kimoja cha maua cha maana: aurikula aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, yenye ukingo wa kijani na duara jeupe katikati, utadhani mtu kainyunyizia unga. Aliilea miaka minane. Kwetu huku Lancashire mche mpya haupewi jina mpaka ushinde kwenye maonyesho ya Aprili. Ukishindwa, hauna jina. Nilitaka "Enoch Sugden" liandikwe kwenye kitabu cha chama chetu cha wapanda maua, basi. Watoto hatukujaliwa. Ua lile ndilo lingebaki kumtaja.

Mimi ni mfumaji kiwandani, saa kumi na mbili asubuhi nimeshatoka. Kwa hiyo nilimpa Wilf ufunguo wa banda la maua, awe anamwagilia. Walikuwa marafiki chanda na pete, yeye na marehemu.

Jumatano kabla ya maonyesho mashine yangu iliharibika, nikarudi mapema. Nikamkuta Wilf anatoka bandani mbiombio.

"Ee, shemeji! Leo mapema?"

"Nyumba yangu, Wilf. Ulitaka nirudi saa ngapi?"

"Aa, sijasema kitu mimi." Akatia mkono mfukoni, akaondoka hata chai hakuomba. Wilf huyu ninayemjua! Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Niliingia bandani. Mezani palikuwa na kisahani chenye ute wa yai, unaonata kama gundi, ulioanza kukauka, na brashi nyembamba. Aurikula mbili za zamani za Enoch zilikuwa zimenyofolewa vijiti vya kiume, vile vyenye vichwa vya chavua ya njano. Damu ilinichemka.

Aurikula ina koo jembamba. Ile inayokubalika mezani, vijiti vyake vya kiume hujaa mdomoni mwa koo, na kijiti cha kike, kinachopokea chavua, hujificha chini. Nyingine huzaliwa kinyume: jike anachungulia juu kama kichwa cha pini, madume wako chini. Zote mbili huzaa mbegu vizuri tu, lakini ya pini jaji haitazami mara mbili. Nani aliamua hivyo? Wanaume, zamani hizo. Jike akitoa kichwa nje, roho zinawauma. Nilikuwa nikimtania Enoch kwa hilo, naye hacheki.

Basi nikaona nimeshamjua Wilf. Ua lake ni la pini, kamng'oa jike, na sasa anabandika madume walioibwa kwangu ili amshinde marehemu. Nilimnyang'anya ufunguo bila maelezo. La Enoch nikalikagua: mdomo umejaa njano, safi kabisa.

Jumamosi ya maonyesho, ukumbini juu ya baa, vikabaki vyungu viwili mbele ya jaji, mzee Crabtree: changu na cha Wilf.

"Subiri," nikasema. "La Wilf likatwe, tulione ndani."

"Bi Maud, hiyo ni shutuma nzito," mzee akasema.

"Nzito ni yeye kuingia bandani kwangu kuninyofolea maua!"

"Na mayai je, kakuachia?" mtu akapaza sauti nyuma nilipoeleza habari ya ute. Wakacheka. Wilf alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Shemeji, tutoke nje tuzungumze."

"Tuzungumze hapa hapa. Unaficha nini?"

Alinitazama, kisha akamgeukia Crabtree. "Kata langu, yaishe."

Mzee akachuma ua moja katika kichala cha Wilf, akalipasua kwa wembe toka kwenye petali hadi kitakoni. Madume walikuwa juu, wameota wenyewe kwenye ukuta wa koo. Chini kabisa jike mfupi alisimama juu ya kifuko cha mbegu. "Halijaguswa," akasema. Kichala kikabaki na maua manne, na sheria inataka matano. Wilf alikuwa ameshatoka mashindanoni.

Mwenye haya angeomba radhi. Lakini ute ule niliuona kwa macho yangu! Ulikwenda wapi?

"Basi na langu likatwe," nikasema, "maua ninayo saba, nisije nikasemwa."

"Maud, acha," Wilf akasema. "Nakuomba. Mpe ushindi, mzee, mimi nimeshatoka."

Hapo ndipo aliponitia wazimu. "Kata!"

Crabtree alikata, akainamia lenzi muda mrefu, kisha akaniita. Kulikuwa na safu mbili za madume. Moja ilikuwa chini, imeota. Nyingine ilikuwa mdomoni, imebandikwa. Juu ya kifuko cha mbegu palibaki kisiki cha jike. Alikitoa chungu mezani, na katibu wa chama akapiga mstari juu ya jina la mume wangu kwenye orodha ya mashindano.

Wilf alinikuta kwenye ngazi nimekaa, chungu mapajani.

"Enoch aliniomba mwenyewe nilirekebishe, siku zile kalala hoi," akasema. "Lilikuwa la pini tangu lilipochanua mara ya kwanza. Ulilifurahia mno, akashindwa kukwambia."

Kumbe. Kila Aprili Enoch alinionyesha ua lile kwa mbali: usilikaribie, mke wangu, pumzi inaharibu unga. Nami nikasimama mlangoni kama mjinga, miaka yote, naamini. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya jina.

"Wilf," nikasema, "kuna kingine alichokwambia wewe, mimi nisiambiwe?"

Wilf akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nikajua kipo.