Ukungu Kwenye Kioo cha Basi

Baba alirudi tena gereji na lalamiko lile lile: waipa zinapaka badala ya kufuta.

"Hizi raba ulizonifungia umezitoa wapi, mwanangu? Mvua ikinyesha kidogo tu, mbele naona maziwa matupu."

Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa vioo pale gereji, alifuta mikono akamfuata nje. Basi la shule lilikuwa limeegeshwa karibu mno na ukuta. Aliinua mkono wa waipa, akapitisha kidole kwenye raba. Ilikuwa laini, haina mkato wala ugumu, na aliifunga yeye mwenyewe siku si nyingi. Hata hivyo aliivua, akafunga nyingine mpya. Angefanyaje? Baba ni baba.

Watoto wa shule walimwita Babu Polepole, naye hakuchukia. Alikuwa akiliendesha basi lile tangu rangi yake haijaanza kubambuka, na hakuwahi kugonga hata kuku. Mkewe alipofariki, alimzika Jumamosi, na Jumatatu alikuwa kwenye usukani, kwa kuwa, alisema, watoto wa watu hawawezi kungoja mpaka machozi yake yakauke. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba macho yake yamechoka? Utaanzia wapi?

Binti alijua, hilo ndilo lililomtesa. Alimwona baba akimimina chai nje ya kikombe, akimsalimu jirani baada tu ya kusikia sauti yake. Na mwanawe wa pekee, msichana wa darasa la pili, alipanda basi lile kila asubuhi. Mama mtu alimfunga kamba za viatu, akampungia mkono, kisha akashinda akichungulia barabarani mpaka mtoto arudi.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema fundi wa breki, jirani yake wa kazi, siku alipomkuta akisugua kioo kwa siki na gazeti. "Mwambie mzee."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Kwani ni baba yangu?"

"Ndiyo maana kwako itakuwa rahisi."

Fundi wa breki akarudi chini ya gari lake na hekima zake. Wanaosema "mwambie" siku zote ni wengi kuliko wanaokwenda kuambia.

Basi binti akaendelea kuficha. Alikisugua kioo kwa sabuni, kwa siki, mpaka kwa dawa ya meno. Alizibua kwa pini vitundu vya kurushia maji. Alikuwa analitibu gari kwa ugonjwa wa mtu, na kwa kuwa alijua hivyo, usingizi ulimpaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini hawakusema kifo hicho kitakuwa cha nani.

Mwishowe baba akataka kioo kizima cha mbele kibadilishwe. Kimezeeka, alisema, kimeliwa na mchanga wa barabarani. Mwalimu mkuu akakubali, na shule ilipofunga, basi likaachwa gereji. Asubuhi binti alilala chali ndani, akakisukuma kioo kwa nyayo huku fundi wa breki akikipokea kwa nje, kikachomoka pamoja na mpira unaokizunguka. Alikisimamisha juani akakitazama kila upande. Mikwaruzo miwili mitatu, basi. Kupitia kioo kile aliuona hata uzi uliolegea kwenye kola ya fundi wa breki. Kioo kipya kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa blanketi, kinangoja mpira mpya ambao ulikuwa umechelewa dukani.

Baba alifika kabla ya mpira. Alivaa shati lake la kazini, ingawa siku hiyo hakuwa na kazi. Binti alikuwa bombani ananawa, na kufumba na kufumbua mzee ameshapanda, ameketi kwenye usukani ndani ya kivuli cha gereji, anatazama mbele. Binti alifungua kinywa amwambie kwamba kazi bado. Hakusema. Hata baadaye hakuweza kujieleza ni kwa nini.

Baba alikunja uso. Alisogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia, akashusha pumzi.

"Hata hiki nacho," alisema, kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunja fundi moyo. "Hukukifuta vizuri, mama."

Akachukua kitambaa kilichokuwa juu ya dashibodi, akainama mbele kufuta mwenyewe. Mkono ukapita. Ulikwenda na kitambaa chake mpaka kiwiko kikawa nje ya basi, na haukugusa kitu.

Fundi wa breki aliona, akainamisha macho.

Mzee hakuurudisha mkono mara moja. Alikunjua vidole, akavikunja, akatafuta huku na huku hewani. Binti alikwenda akasimama kwenye ngazi ya mlango.

"Kioo hakipo, Baba. Nimekitoa asubuhi."

"Na kile cha zamani?"

"Kipo pale nje. Hakina shida."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Alirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu ya baba ni mzigo mzito kwa mtoto kuutazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipozilalamikia raba za kwanza. Nilizigusa nikazikuta nzima."

"Na mtoto ukaendelea kumpandisha."

Hakuuliza, alisema tu. Binti alitaka kusema nilikuhurumia, nilikuheshimu, ningekuambiaje. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa. Aliwakumbuka na wale watoto wengine, ambao mama zao hawakujua lolote.

"Ndiyo, Baba," alisema, na machozi yakamtoka.

Mzee alibaki ameketi, ameuelekea ukuta ambao hakuuona. Kisha akainuka, akiwa ameshika kiti, akamnyooshea binti yake mkono.

"Njoo unishike," alisema. "Ngazi siioni."