Kochi Linalotembea

Mama Makochi alikuwa na dharau ya kitaalamu kwa watu wanaokaa ovyo, na kwa kuwa karibu kila mtu hukaa ovyo, dharau yake haikukosa kazi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akivalisha makochi upya katika karakana yake, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi la sponji, na alikuwa amejifunza kumsoma mtu kwa shimo alilokiachia kiti. Huyu hukaa upande kama anayetaka kutoroka. Yule hujitupa kama gunia. Akiletewa kochi la mtu asiyemjua, alilivua kitambaa, akatazama, akaguna: "Mh! Na huyu naye ana familia."

Katika wakaaji wote hao, hakuna aliyemdharau kama mume wa mdogo wake. Shemeji huyo alifanya kazi ofisi ya bima, na tangu aanzishe kundi la baiskeli la Jumapili alitaka aitwe Kapteni. Baiskeli yake ilikuwa nyepesi ya kunyanyuliwa kwa kidole kimoja, naye aliinyanyua kwa kidole kimoja kila palipokuwa na mgeni. Alikuwa na miwani ya kumetameta, glavu zisizo na vidole, na kaptura ya kubana yenye pedi, aliyoivaa hadi mezani hata siku ambazo baiskeli ilikuwa imelala ukutani.

Mama Makochi alijiunga na kundi kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kukakamaa kwa kuinamia cherehani, na ngazi za ghorofa moja zilikuwa zinamtoa pumzi. Halafu akamwambia binti yake kwenye simu. Binti alikuwa akisoma chuo cha ualimu, kilomita tisini kutoka nyumbani.

"Siku ya wazazi nitakuja kwa baiskeli."

Binti alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama! Wewe? Utafika siku ya mahafali!"

Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kilimkaa. Tangu azaliwe, binti yule hakuwahi kumwona mama yake akifanya jambo lolote isipokuwa kukaa chini na kushona. Sasa ilibidi amwone akifika.

Binti akamsimulia mama yake mdogo, mama mdogo akamsimulia mumewe, na Jumapili hiyo mezani Kapteni akaweka kijiko chini.

"Shemeji, kilomita tisini si kwenda dukani kununua chumvi."

"Nani kakwambia nimeishiwa chumvi?"

"Na sheria unaijua. Anayepanda pikapu ametoka kundini. Hatubebi mizigo sisi."

Pikapu ilikuwa ile ya kukodi iliyofuata kundi kwenye safari ndefu, ikiwa na maji, spana, na nafasi ya walioshindwa.

"Sheria hiyo ni ya wote?"

"Ya wote."

"Hata makapteni?"

Mdogo wake akakohoa ndani ya glasi ya maji.

Mama Makochi hakumwomba mtu ushauri. Starehe ni sponji, na sponji alikuwa nayo stoo nzima. Aliivalisha siti ya baiskeli yake sponji nene ya vidole vinne, akaifunika kwa ngozi ya plastiki ya rangi ya damu ya mzee, akaipiga na vifungo katikati. Ilipendeza kiasi cha kukaribishia wageni.

"Jamani, njooni muone!" Kapteni alipiga kelele Jumapili, kundi lilipokusanyika. "Kochi linalotembea! Mito yake umeiacha wapi, shemeji?"

Kundi zima likacheka. Kilomita kumi za kwanza zilikuwa raha tupu. Kwenye ya ishirini akaanza kujigeuzageuza. Kwenye ya thelathini alishuka, akatembea miguu imeachana kama aliyevuka mto na nguo zake.

"Pole, shemeji," Kapteni alisema. "Labda ongeza sponji."

Na aibu kubwa ni kwamba aliongeza. Jumapili iliyofuata aliumia mara mbili.

Jumatatu alikuwa karakana, mbele ya kochi la mzee mmoja mstaafu aliyelirudisha kwa mara ya pili. Mzee alidai linamuumiza, naye alikuwa amemwambia kwa adabu zote kwamba tatizo ni umri. Sasa alilivua. Sponji ilikuwa mpya, laini, ya bei. Ilikuwa na mashimo mawili madogo, ambapo mifupa ya mzee ilikuwa imezama mpaka kwenye ubao, na kati ya mashimo hayo sponji ilikuwa imevimba juu kama kichuguu, ikimsukuma pale ambapo mtu hapaswi kusukumwa.

Alilitazama shimo la kwanza, akalitazama la pili. Mtu hakai kwa nyama, hukaa kwa mifupa miwili, nayo inataka kitu kigumu cha kuiegemeza. Miaka kumi na minane alikuwa akitazama mashimo hayo na kuwacheka wenye nayo. Siku hiyo alijidharau mwenyewe, tena kwa ufundi uleule.

Alikalia kipande cha boksi juu ya ngazi ya saruji, akainuka, akapima kwa futi umbali kati ya alama mbili. Kisha akaing'oa sponji yote. Akatandika tabaka mbili za blanketi kuukuu, akavuta ngozi halisi, ngumu, kwa upana wa mifupa yake na si zaidi, na katikati akaacha mfereji. Gamba lile la zamani lenye vifungo, pamoja na sponji yake, akampa dereva wa pikapu, ambaye springi ya kiti chake ilikuwa imechomoza.

"Ee mama, Mungu akupe," dereva alisema. "Hii springi ilikuwa inataka kunioa."

Fundi wa baiskeli akampandishia siti vidole viwili, na magoti yakaacha kulalamika. Jumanne na Alhamisi aliendesha kabla ya kufungua karakana. Jumapili akaongeza kilomita tano kila wiki, bila kukimbizana na mtu. Alikunywa kabla ya kiu na kula ndizi kabla ya njaa, kwa sababu hata cherehani hutiwa mafuta kabla haijaanza kulia.

Kapteni hakufanya mazoezi ya umbali. Alisema umbali uko kichwani.

Asubuhi ya safari, Kapteni alipoinama kufunga viatu, Mama Makochi aliona mstari wa chupi ukiwa umejichora chini ya kaptura ya pedi. Kaptura ile imeshonwa ivaliwe peke yake. Mishono minene ya chupi ndani yake, kwa kilomita tisini, ni msumeno. Akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini.

Kapteni akajibu kwa sauti ya juu. "Shemeji, umeanza kukagua nguo zangu za ndani?"

Wakacheka tena. Mama Makochi akapanda baiskeli yake. Wajibu wa undugu alikuwa ameshautimiza.

Kapteni alitoka kama anayefukuzwa na nyuki, na wenzake sita wakamfuata. Mama Makochi alibaki nyuma na pikapu, pedeli baada ya pedeli, ndizi baada ya ndizi. Kwenye kilomita ya sitini na tano dereva alipokea simu, akampita haraka.

Alimkuta mbele kidogo, yeye na Kapteni. Wale sita walikuwa wamekwisha kupita. Kapteni alikuwa amewaambia waendelee, anarekebisha kitu. Baiskeli ya kidole kimoja ilikuwa inapakiwa na dereva kwa mikono miwili.

"Tairi?" aliuliza Mama Makochi. Matairi yote yalikuwa magumu kama mawe.

"Cheni," alisema Kapteni. Midomo yake ilikuwa imepauka. Cheni ilikuwa inang'aa. "Natangulia kupanga mapokezi. Kapteni lazima atangulie."

Akaingia mbele, akakaa, akaruka. "Uwii!" Mwishowe alisafiri nyuma ya pikapu, amesimama, ameshika bomba kwa mikono miwili kama anayekagua gwaride.

Zilipobaki kilomita nane, mapaja ya Mama Makochi yalikuwa yanatetemeka na kilima cha mwisho kilikuwa bado. Pikapu ikarudi.

"Mama, Kapteni kanituma nikubebe. Anasema wazazi wanasubiri, usione aibu."

Alitazama kilima. Alitazama pikapu, na kwa kweli ilikuwa nzuri, ina kivuli.

"Yeye yuko wapi?"

"Nimemshusha kona ya geti. Kaingia amesimama kwenye pedeli. Kaniambia nisiseme."

"Basi hujasema," alisema, akaweka gia ndogo, akapanda. Dereva alimfuata polepole mpaka juu.

Binti alikuwa getini. Aliona kwanza kofia, kisha uso mweupe kwa chumvi ya jasho, kisha mama yake. Hakucheka. Alikimbia.

"Mama, unanuka!" alisema akiwa amemkumbatia, na hakumwachia. Kisha akaibonyeza siti. "Ngumu hivi? Umekaliaje?"

"Vizuri," alisema Mama Makochi.

"Karibu, shemeji!" Kapteni aliita kutoka mezani. "Umechelewa, lakini nilijua utafika!"

Wote walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbao. Yeye alikuwa amesimama na sahani mkononi. Mkewe, aliyekuja na basi, alimvuta shati. "Mume wangu, kaa basi."

"Niko sawa. Kukaa ghafla huua misuli."

Mama Makochi alimtazama kama anavyotazama kochi lililoletwa mlangoni. Alimwonea huruma kidogo, huruma ile ya kumwonea mtu aliyevaa kiatu mguu usio wake. Akamnong'oneza dereva, na dereva akarudi na lile gamba la vifungo, rangi ya damu ya mzee, akaliweka juu ya benchi.

"Kaa, shemeji. Mito tu ndiyo sikubeba."

Kapteni alikaa kwa awamu tatu, macho ameyafumba.

"Baba mdogo," binti aliuliza, "na wewe umeendesha njia nzima?"

Dereva akaichunguza sahani yake. Kapteni akafumbua macho na kumtazama Mama Makochi, kwa mara ya kwanza bila miwani.

"Mwache, mwanangu," alisema Mama Makochi, akivuta sahani yake karibu. "Anajifunza kukaa."