Nywele za Fundi Genshichi

Mbao za kuchapia picha tulishazichoma. Wali wa asubuhi uliivia moto wa mbao hizo za mcheri. Lakini picha zenyewe zilikuwa zimeshauzwa mji mzima wa Edo, na moja alikuwa nayo askari, kaitandika sakafuni kwetu.

Picha za kucheka, ndivyo tunavyoziita: mume na mke wamekumbatiana, nguo zimetupwa huko. Serikali imezipiga marufuku, kwa hiyo hakuna mchongaji anayetia jina lake. Sasa mume wangu Genshichi, kwa maringo yake, akachonga nywele za yule bibi nyuzi ishirini penye upana wa punje ya mchele. Nani mwingine anaweza? Si bora angetia sahihi tu, jamani!

"Mbona unahema, mama?" askari akaniuliza.

"Ngazi, bwana mkubwa."

Nyumba yetu haina ngazi.

Askari huyu alikuwa akiwapima wachongaji mtaa kwa mtaa. Akamsogezea Genshichi kipande cha mcheri. "Haya fundi. Nichongee nywele za mwanamke, nilinganishe na hizi."

Adhabu ni pingu, siku hamsini. Vidole vya mchongaji mzee vikilala siku hamsini, ndiyo basi tena. Jana nilimpigia magoti: chonga vibaya, mara moja tu, kwa ajili yangu. Akanijibu, "Sijui kuchonga vibaya, mke wangu."

Akashika kisu. Akainama. Kwa jinsi alivyokaza taya, nikajua tumekwisha. Nikafumba macho.

Nikasikia kicheko.

"Huyu ndiye Genshichi wanayemsifia? Hizi nywele au ufagio?" Nyuzi zilikuwa zimekatika katikati, nyingine zimepandana. Askari akakunja picha yake, akaondoka huku anacheka mpaka barabarani.

Nilimrukia mume wangu, nalia, nacheka. "Wewe mzee! Umeigiza mpaka mimi nimeamini!"

Hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, anautazama.

"Sikuigiza, Oyasu. Alivyokaa pale na dharau zake, nilisema potelea mbali, na aone nywele. Nimechonga kwa uwezo wangu wote."

Nikautazama ule mkono. Bado ulikuwa unatetemeka, na askari alikwisha kwenda zake.