Bega la Kukodi

Nilikwenda mkutanoni kumwita mwanamume aje ampeleke mkewe hospitali, nikaambiwa niketi kwanza nisikilize habari za afya.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Evaristi, mume wa Odeta, na Odeta ni binti wa kaka yangu. Alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake jioni. Asubuhi ile mkunga wetu Scholastika, ambaye amekata vitovu vya nusu ya watu wa Kasulo, alinivuta nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Koleta, mtoto amekaa vibaya. Hii si kazi ya mikono yangu, hii ni kazi ya kisu." Scholastika akisema hivyo, mwenye akili haulizi mara ya pili. Nilijifunga kanga nikakimbia hadi uwanja wa shule.

Siku hiyo watu wa mradi walikuwa wamekuja kutuletea mageuzi ya afya. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kurudi kwao, wamebaki Warundi, na kila gari lililopita kwetu lilikuwa linapeleka kitu kambini: mahindi, maturubai, madaktari. Sisi wenyeji tuliachiwa vumbi, na vumbi hilo, nisiwe mchoyo wa shukrani, tulipewa bure bila ubaguzi. Kwa hiyo siku gari liliposimama kwetu, watu walifurika, wengine kutoka Kanazi kwa miguu.

Na gari lenyewe lilikuwa la kutazamwa! Gari la wagonjwa, jeupe, jipya, lina taa juu. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, limefungwa utepe mwekundu kuanzia kioo hiki hadi kioo kile. Dereva alikuwa amekaa ndani, amefunga madirisha kwa ajili ya vumbi letu.

Meza kuu ilikuwa na kitambaa na maua ya plastiki. Katikati alikaa Bwana Ansbert wa mradi, na kulia kwake, ndani ya koti la mitumba lililomkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe wa kwanza, alikaa Evaristi wetu. Alikuwa ametajirika kwa kuuza ndizi kambini, na mtu akitajirika kwetu hakosi kiti mbele. Pikapu yake alikuwa ameikodisha kwa makandarasi huko Biharamulo.

Nilinyoosha mkono.

"Mama, maswali ni mwisho," alisema Bwana Ansbert.

"Si swali, baba. Kuna mgonjwa."

"Na maoni pia ni mwisho."

Watu wakacheka. Evaristi akanikazia macho, kama kwamba nimekuja kumwaibisha mbele ya wakubwa, kisha akatazama pembeni. Nikaketi. Hadi leo najiuliza ni nini kiliniketisha. Labda ni ile kalamu ya Bwana Ansbert, maana alikuwa nayo moja mfukoni na nyingine mkononi.

Akaanza kutufundisha. Alisema polepole, kama mtu anayelisha mtoto uji wa moto, kwamba kuna wazo jipya duniani linaitwa mfuko. Unachanga ukiwa mzima, unatibiwa ukiugua. Aliyeugua anasaidiwa na wazima, na wazima wakiugua wanasaidiwa naye. "Najua si rahisi kulielewa kwa mara moja," alisema.

Watu walitazamana. Kwetu tuna machela, kwa Kihangaza tunaiita ingobyi, kitanda cha fito chenye miti miwili ya kubebea. Kila nyumba hutoa bega. Akiugua mtu wa bondeni, wa mlimani anashuka kumbeba. Asiyetoa bega, siku yake ikifika atajibeba mwenyewe. Mambo haya tuliyakuta, na waliotuachia waliyakuta. Lakini mgeni akikuletea maji ya kisima chako, unakunywa na kusema asante. Tukapiga makofi.

Ndipo mjadala ulipowaka. Felisita, mjane, aliuliza asiye na kitu atachanga nini. Akajibiwa kwamba asiye na kitu atapata msamaha, mradi alete barua ya mtendaji, na mtendaji apate uthibitisho wa kitongoji, na kitongoji kikae kikao. "Nikiwa naumwa?" Felisita aliuliza. "Ndiyo, au kabla," alijibiwa. Mzee mmoja akasimama akasema wakimbizi wanapasuliwa bure, wanalazwa bure, hata chandarua wanapewa, sasa yeye anaomba ruhusa ya serikali akimbilie Burundi leo ili kesho arudi akiwa mkimbizi. Uwanja mzima ulicheka. Nilicheka hata mimi, Mungu anisamehe, huku moyo wangu uko kwa Odeta.

Kisha Evaristi akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu, bure ndiyo iliyotuharibu! Tunataka kila kitu bure kama watu wa kambini. Mimi nasema asiyechanga asitibiwe. Huruma hii tunayooneana ndiyo umaskini wetu. Mwenye mke mjamzito ana miezi tisa ya kujiandaa. Ukishindwa kujiandaa miezi tisa, usitafute wa kumlaumu!"

Makofi! Bwana Ansbert alisimama kabisa kupiga yake. Nami nikasimama, na safari hii sikunyoosha mkono.

"Evaristi! Mkeo anakufa nyumbani!"

Bwana Ansbert aliitikia kwa kichwa. "Mmesikia, wananchi? Huo ndio mfano halisi wa jambo tunalolizungumza."

Nimpe haki yake, Evaristi aliruka ile meza na maua yake ya plastiki. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye gari la wagonjwa, akapiga dirisha. Dereva alimtazama Bwana Ansbert. Bwana Ansbert aliitazama saa yake.

"Tatizo," alisema, "gari halijazinduliwa."

"Mke wangu, mheshimiwa."

"Nakuelewa kabisa. Lakini mgeni rasmi ameshatoka Ngara mjini, yuko njiani. Akifika akute gari halipo, atazindua nini?"

Kuna aliyesema utepe ufunguliwe taratibu, gari liende, likirudi ufungwe tena. Bwana Ansbert alilifikiria jambo hilo kwa dhati, na nilimwona anavyoteseka, maana hakuwa mtu mbaya. Akasema hapana, na damu je? Viti vilikuwa vipya.

Ikabaki machela.

Msimamizi wa machela yetu alikuwa Matiasi, mtu mfupi mwenye shingo ya ng'ombe dume. Evaristi alimwendea mikono nyuma. Wanaume wakakusanyika nyuma ya darasa la tatu, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa siku ya mikutano, nao wakafanya wa kwao.

"Hotuba tumeisikia," alisema Matiasi. "Ilikuwa nzuri. Asiyechanga asitibiwe. Sisi huku tunasema asiyebeba habebwi, lakini mwenzetu amelisema kisomi zaidi."

"Nimebeba! Kila machela ilipoitwa, nilituma mtu!"

Hilo lilikuwa kweli. Alimtuma Niyonzima, mkimbizi kutoka kambini aliyekuwa akimlimia shamba la migomba. Miaka yote ile Evaristi alipokuwa akipima mikungu, Niyonzima ndiye aliyepanda milima yetu akiwa na wagonjwa wetu begani. Alimbeba mama yake Matiasi. Alinibeba mimi nilipovunjika mguu, na hakunitikisa hata mara moja.

Basi wakaanza kujadili. Bega likikodiwa, ni la nani? Mmoja alisema ni la aliyelipa, kwani ng'ombe akilima, shamba ni la mwenye ng'ombe. Mwingine akasema Niyonzima si ng'ombe. Wa tatu akaomba ufafanuzi. Niliwachukia wote pale. Nilimchukia Evaristi kwa mdomo wake, nikamchukia Matiasi kwa haki yake, maana alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inamuua mtoto wa kaka yangu ambaye hakuwahi kutoa hotuba yoyote.

"Matiasi," nilisema, "mkimaliza kupima mabega, mtakuja kuchimba kaburi. Hilo nalo lina zamu?"

Matiasi alikuna kidevu, kisha akatoa hukumu. "Bega ni la mwenye kuumia. Kwa hiyo katika machela hii mwenzetu ni Niyonzima. Evaristi hatumjui."

Niyonzima alikuwa amesimama nyuma yetu na jembe lake. Mtu wa maneno machache. Mkimbizi akiongea sana huulizwa anatoka wapi. Aliweka jembe chini.

"Kama mimi ni mwenzenu," alisema, "basi naita machela."

"Kwa mgonjwa gani?"

"Odeta, mke wa Evaristi."

Sheria ilikuwa ya Matiasi mwenyewe, aliyoitoa sasa hivi, bado ina joto. "Imeitwa," alisema.

Nao, niwape haki yao, walikimbia. Wanaume walewale waliokuwa wakibishana walifika kwa Odeta kabla yangu. Walimlaza, wakamfunika, wakaondoka naye kwa mwendo ule wa kunyata haraka usiotikisa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja na kufuli, hospitali ya wilaya iko mbali juu ya mlima, na kambini kulikuwa na chumba cha upasuaji na daktari wa kigeni. Evaristi aliomba zamu ya kubeba. Viatu vyake vya mkutanoni vikateleza, machela ikainama, Odeta akapiga yowe. Wakamtoa. Alifuata nyuma akiwa ameshika kanga ya mkewe.

Kwenye geti la hospitali ya kambi tulimkuta askari, mtu wa mbali kwa lafudhi yake.

"Mkimbizi au mwenyeji?"

Evaristi alitoa pochi. "Nitalipa. Sema kiasi chochote."

"Hapa hakuna kulipa," askari alisema, kidogo kama ameudhika. "Hapa ni bure. Lakini ni ya wakimbizi. Mwenyeji alete barua ya wilaya."

Nimewahi kuona watu walioshindwa kwa kukosa fedha, ni wengi, ndio majirani zangu. Mtu aliyeshindwa huku ameishika mkononi nilimwona siku hiyo tu. Evaristi alibaki na pochi wazi. Odeta alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio.

Niyonzima alitoa kadi yake ya mgao wa wakimbizi kifuani, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Ni mke wangu," alisema.

Askari alimwangalia Odeta. Odeta akaguna, akamwita Mungu kwa Kihangaza. Kwa askari yule, Kihangaza na Kirundi vilikuwa kitu kimoja.

"Na wewe, mama?"

"Mkwe wake," nilisema, nikimwonyesha Niyonzima. Uongo ulinitoka laini.

"Na huyu mwenye koti?"

Evaristi alinitazama. Mimi nilitazama machela. Angeweza kusema mume, na mkewe angerudishwa na barua ingetafutwa. Nilimwona anavyolimeza neno.

"Jirani," alisema.

"Majirani wabaki nje."

Ndani, daktari alitaka mume aridhie kabla ya kisu. Niyonzima aliweka kidole gumba kwenye wino. Tukakaa kwenye benchi. Niliomba Mungu kwa hasira, nikimwambia kama anamtaka Odeta angemchukua mapema, asingetuchosha na mikutano. Jua lilikuwa limeegemea Burundi muuguzi alipotoka akiwa na kichanga kilichofungwa kwenye blanketi la kijivu la wakimbizi. Msichana. Mama yake mzima. Nililia bila aibu, na Niyonzima akageukia ukuta.

Tulitoka hadi getini kuwapa habari. Wabebaji walikuwa wamelala kwenye nyasi. Evaristi alikuwa amesimama palepale tulipomwacha, koti lake kwenye mkono, na askari alikuwa ametutangulia kufurahi.

"Mzee, vipi?" alimuuliza Niyonzima.

"Msichana. Wote wazima."

"Hongera sana!" Askari akamgeukia Evaristi. "Jirani, mbona hujampa mwenzio hongera?"

Evaristi alisogea. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kola. Alinyoosha mkono wa kulia, ule wa kuhutubia.

"Hongera," alisema, "baba wa mtoto."

Niyonzima aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote za kwao.

"Asante, jirani. Karibu kesho umwone. Majirani wanaruhusiwa mchana."