Sura Kabla ya Helmeti

Mama yangu, Immaculée, alitazama hoki ya barafu kwa dakika sita, kisha akazima televisheni.

"Merveille, mwanangu, mimi naona makofia tu. Nani ni nani? Na kale kakitu keusi wanakokapiga kamekimbilia wapi?"

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi Julai na kuajiriwa na kituo kidogo cha televisheni hapa Birmingham, kinachoonyesha ligi ya hoki ya wanawake. Niliumia, kwa sababu mama alisema kweli. Kamera zetu zilikaa juu na mbali, na wasichana wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi walionekana kama sisimizi.

Kesho yake nikamwendea Kamlesh, mwongozaji wetu, mzaliwa wa Kisumu.

"Bosi, tuonyeshe sura zao kabla hawajavaa helmeti. Kila mmoja aseme jina lake na amsalimu mtu mmoja. Halafu kamera moja ishuke chini, karibu na barafu."

Akacheka. "Unataka kipindi cha salamu? Dada, hii ni hoki!"

"Na kwenu Kisumu, nani alizima redio salamu zikisomwa?"

Akakuna kidevu. "Mamangu aliwajua watu wote wa Siaya, na hajawahi kufika Siaya. Haya. Jumapili, mechi moja tu. Watazamaji wakipungua kabla ya mapumziko ya kwanza, tunarudia mtindo wa zamani, na usiniletee hiyo stori tena."

Jumapili mchana nilisimama na mpiga kamera kwenye ujia wa kuelekea uwanjani. Mchezaji wa kwanza alitaja jina lake kama aliyekamatwa na polisi. Wa pili akakataa kabisa. Ndipo akaja Reena, namba kumi na saba, helmeti kwapani.

"Naitwa Reena. Namsalimu bibi yangu, amelazwa hospitalini karibu na Harborne. Nesi, tafadhali mwinulie mto aone vizuri."

Baada yake sikumbembeleza mtu. Yule aliyekataa akarudi mwenyewe. Golikipa akaanza kumsalimu mwenye mgahawa wa Balsall Heath anayemwekea mkate wa naan wa mwisho, lakini muda ukaisha kabla hajamaliza.

Mechi ikaanza. Nikakimbilia kwenye gari la matangazo, ambako Kamlesh alikuwa ameikodolea macho idadi ya watazamaji. Dakika chache kabla ya mapumziko, Reena akatolewa, akakalishwa kwenye kizimba cha adhabu kwa dakika mbili. Dakika hizo zikikaribia kwisha, simu yangu ikalia. Mama! Nilikuwa nimemwomba atazame tu, bila kumweleza lolote.

"Weka sauti sote tusikie," Kamlesh akasema.

"Merveille! Mbona wamemfungia Reena kwenye kale kasanduku? Na bibi yake anaangalia!"

"Mama, amemkwatua mwenzake kwa gongo."

"Hapana! Yule alijiangusha, nimeona na macho yangu! Ngoja... anatoka! Anatoka! Bon, nitakupigia."

Akakata.

Kamlesh alicheka mpaka akavua miwani. "Mtu akishagombana na refa, huyo haondoki tena." Akanigeuzia skrini. Kipenga cha mapumziko kilikuwa kimelia, na watazamaji walikuwa wengi kuliko tulipoanza.

Nilinyoosha mgongo, nikamfikiria mama pale kwenye kochi.

Kamlesh akachukua kalamu, akaandika kwenye ratiba ya Jumapili ijayo. "Salamu ziongezwe dakika moja," alisema. "Golikipa tulimkatiza."